Maswali ya wasomaji: Je, Jua linasinyaa? Na umri wake umejulikanaje?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza juu ya Jua: kama ukubwa wake unabadilika, na kama mabadiliko hayo yanatuambia lolote kuhusu umri wa Dunia na sayari nyingine. Tumechagua sita. Majina ya waulizaji hatukuyachapa, tumeweka mitaa yao tu.

Assalaam aleikum wahariri. Kwenye kundi letu la WhatsApp umetumwa ujumbe kwamba wanasayansi wamelipima Jua wakakuta linasinyaa futi tano kila saa. Ujumbe unasema kwa kasi hiyo, miaka milioni 20 iliyopita Jua lingekuwa limeigusa Dunia, kwa hiyo habari ya mabilioni ya miaka ni uzushi. Kipimo hicho ni cha kweli? — Msomaji, Likoni

Waalaikum salaam, ndugu yetu. Kipimo kilikuwepo. Lakini kilikuwa na kosa, na hata kingekuwa sahihi, hitimisho lisingetoka humo.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, John Eddy na Aram Boornazian, walipitia daftari za kituo cha Greenwich, Uingereza, za tangu 1836 hadi 1953. Jua lilipokuwa likivuka mstari wa kaskazini na kusini wakati wa adhuhuri, mtazamaji alihesabu muda tangu ukingo wake wa mbele uguse uzi uliowekwa ndani ya darubini hadi ukingo wa nyuma uuache. Huo ni muda wa dakika 2 na sekunde 8 hivi mwezi wa Machi na Septemba, na hufika dakika 2 na sekunde 22 mwishoni mwa Disemba. Kutokana na muda huo hupatikana upana wa Jua.

Upana wa vitu vya angani hupimwa kwa nyuzi za pembe, yaani digrii. Uzi mmoja wa nyuzi hizo hugawanywa mara 60 kupata dakika za tao, na kila dakika hugawanywa tena mara 60 kupata sekunde za tao. Jua lina upana wa sekunde za tao 1,919 kwa wastani. Eddy na mwenzake waliona daftari zinaonyesha upungufu wa takriban sekunde 2 za tao kwa karne, yaani sehemu moja katika elfu. Kipenyo cha Jua ni kilomita 1,391,400. Sehemu moja katika elfu ni kilomita 1,390 kwa karne, kilomita 14 kwa mwaka, mita 1.6 kwa saa. Hizo ndizo futi tano za ujumbe wako.

Sasa angalia kosa dogo kiasi gani linatosha kuzalisha namba hiyo. Anga hupita mbele ya darubini kwa sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Kwa hiyo sekunde 2 za tao ni sawa na sehemu 13 za mia za sekunde, muda ambao mtu huupoteza kwa kuchelewa kidogo tu kuita. Katika miaka 117 watazamaji walibadilika, vifaa vikabadilika, na hewa ya London ikajaa moshi wa makaa. Dalili ya kosa imo ndani ya daftari zenyewe: kipenyo cha wima hakikupungua sawa na cha mlalo. Jua likisinyaa kweli litasinyaa pande zote.

Wengine hawakukaa wakibishana, walikwenda kutafuta kipimo kisichotegemea wepesi wa mtu. Mwaka 1980 Irwin Shapiro alichapisha hesabu za mapito 23 ya sayari ya Utaridi mbele ya Jua, tangu 1736 hadi 1973. Utaridi ikipita mbele ya Jua, muda wake wa kutoka ukingo hadi ukingo ni wa saa kadhaa, kwa hiyo kosa la sekunde chache halina uzito mkubwa. Hakuona badiliko lolote la kutajika. Kikomo cha juu kilikuwa sekunde 0.3 za tao kwa karne. Kupatwa kwa Jua kwa mwezi wa Mei 1715, ambako Edmond Halley alikusanya taarifa za watu kutoka sehemu nyingi za England, nako kunasaidia: kingo za kivuli zinatuambia upana wa Jua siku ile. Kwa kasi ya Eddy, Jua la 1715 lingekuwa pana zaidi ya la leo kwa sekunde 6 za tao hivi. Halikuwa hivyo. Kisha satelaiti ya SOHO, ambayo haina hewa ya kutikisa picha mbele yake, ikalitazama Jua kwa zaidi ya miaka kumi. Badiliko lolote la nusukipenyo linaloandamana na mzunguko wa madoa ya Jua ni chini ya sehemu 3 za mia za sekunde ya tao.

Hoja ya joto ina nguvu zaidi, na tunaona haitajwi vya kutosha. Tufe la gesi likijikunja kwa uzito wake hutoa joto. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz na Lord Kelvin walidhani mwanga wote wa Jua unatoka huko, na hesabu zao zilionyesha kwamba kujikunja makumi ya mita tu kwa mwaka kunatosha kulilisha. Ndiyo sababu Kelvin, mwaka 1862, aliona haielekei Jua limeangaza zaidi ya miaka milioni 100. Sasa chukua kilomita 7 za nusukipenyo kwa mwaka, nusu ya zile kilomita 14 za kipenyo. Jua zima likijikunja kwa kasi hiyo, joto lingezidi la sasa zaidi ya mara mia moja, na hii Bahari ya Hindi iliyo mbele yetu ingekwisha kuchemka yote.

Pengine utaletewa na ujumbe wa pili, kwamba chembe ziitwazo nyutrino zinazotoka kwenye Jua zilikuwa chache mno, kwa hiyo moto wa nyuklia, ule wa viini vya hidrojeni kuungana kuwa heliamu, haumo. Kweli Ray Davis, kwenye mgodi wa Homestake huko Marekani, alihesabu theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Lakini kituo cha Sudbury, Kanada, kilionyesha mwaka 2001 na 2002 kwamba zilizokosekana hazikupotea: hubadilika aina njiani, na mtambo wa Davis uliweza kunasa aina moja tu. Jumla yake ni ileile iliyotabiriwa kwa Jua linalounguza hidrojeni.

Limebaki kosa la njia yenyewe. Mtu akisimama kivukoni hapo kwenu wakati wa bamvua, akaona maji yamepanda sentimita 60 kwa saa moja, kisha akazidisha kwa saa 24, atasema kesho maji yatakuwa mita 14 juu. Saa moja aliipima vizuri, lakini hakuwa na haki ya kuizidisha. Karne moja ya vipimo vya Greenwich haiwezi kunyoshwa hadi miaka milioni 20 bila kwanza kujua ni kitu gani kinachosababisha badiliko na kama kitaendelea.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Ameniuliza, miaka bilioni 4.6 imepimwaje na hakuna aliyekuwepo? Nimesikia habari ya kupima kwa kaboni. Inafika huko? — Mama wa mwanafunzi, Changamwe

Mama, tuanze na kaboni kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kaboni-14 ni aina ya kaboni inayojigeuza yenyewe kidogokidogo kuwa kitu kingine, na hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi inayobaki ni kidogo mno kupimika. Haifai hata kwa mawe ya Mombasa: jiwe la matumbawe ambalo juu yake imesimama Fort Jesus ni la miaka 125,000 hivi, na miamba ya udongo mgumu ya Changamwe, hapo mnapoishi, ni ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145. Mtu akikwambia mwamba wa zamani umepimwa kwa kaboni-14, ujue hapo pana kosa.

Kwa umri mrefu hutumika urani, ambayo nayo hujigeuza vivyo hivyo lakini polepole zaidi. Urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka milioni 4,468, na mwisho wake huwa metali ya risasi, ya aina iitwayo risasi-206. Urani-235 hupungua kwa nusu kila miaka milioni 704, na huishia risasi-207. Uzuri wake ni kwamba zote mbili hukaa katika chembe moja ya jiwe, kwa hiyo una saa mbili zenye mwendo tofauti ndani ya chumba kimoja. Kama jiwe liliwahi kupashwa moto na risasi ikavuja, saa hizo mbili zitatoa majibu tofauti na mpimaji atajua. Zikikubaliana, ndipo jibu huaminika.

Madini ya zirkoni yanapendwa sana kwa kazi hii. Zinapoganda hupokea urani ndani yake lakini huikataa risasi, kwa hiyo karibu risasi yote utakayoikuta imezaliwa humo. Chembe za zirkoni za Jack Hills, magharibi mwa Australia, zimefikia miaka bilioni 4.4. Hata hivyo Dunia si mahali pazuri pa kutafuta mwanzo wenyewe, maana huyeyusha na kusaga miamba yake bila kukoma. Ushahidi safi uko kwenye vimondo, mawe yaliyoganda mwanzoni na tangu hapo hayakuguswa na moto wala maji mengi.

Aliyefanikiwa kwanza ni Clair Patterson, aliyechapisha mwaka 1956 umri wa miaka bilioni 4.55, akiruhusu kosa la milioni 70 kila upande. Alichukua kimondo cha chuma cha Canyon Diablo, kilichochimba shimo kubwa katika jimbo la Arizona. Ndani yake mna vipande vya madini yasiyo na urani karibu hata kidogo, kwa hiyo risasi yake imebaki vilevile ilivyokuwa siku ya kwanza. Kisha akapima vimondo vya mawe, ambavyo vina urani na risasi yake imeongezeka. Ukizipanga namba za risasi-206 na risasi-207 za vimondo vyote kwenye karatasi ya grafu hukaa juu ya mstari mmoja ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo ndio umri.

Kazi ilimchukua miaka kwa sababu ya uchafu. Kila alichopima kilitoa risasi nyingi kupita kiasi. Iligundulika kuwa imo hewani, kwenye vumbi, kwenye nywele za watu, ikitoka hasa kwenye petroli ya wakati ule. Ilimbidi ajenge chumba cha maabara kinachosukumiwa hewa iliyochujwa na kusafisha kila chombo kwa asidi. Baadaye akawa miongoni mwa waliopigania risasi iondolewe kwenye petroli. Mwanao akipenda sayansi, mwambie habari hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba nusu ya kupima ni usafi.

Leo kipimo kimekuwa kikali zaidi. Katika vimondo kama Allende, kilichoanguka kaskazini mwa Meksiko tarehe 8 Februari 1969, mna vijiwe vyeupe vyenye kalisi na alumini vilivyoganda kabla ya vingine vyote. Umri wa vijiwe vya aina hii ni miaka milioni 4,567, na kosa ni chini ya miaka milioni moja. Katika muda huo urani-238 imebaki nusu hivi, na urani-235 imebaki kama asilimia 1 tu ya ile ya mwanzo.

Atauliza, je, kasi ya kupungua haikuwa tofauti zamani? Swali la maana. Mwaka 1987 ilionekana nyota imelipuka kwenye galaksi ndogo ya jirani, na mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka 160,000. Kobalti-56 iliyotoka kwenye mlipuko huo ilionekana ikififia kwa nusu kila siku 77, sawasawa na inavyofanya maabara leo.

Jua lenyewe nalo huulizwa umri, kwa njia isiyogusa jiwe lolote. Uso wake hutikisika, na tikisiko kubwa hurudi kila dakika 5 hivi. Ni mawimbi ya sauti yanayozunguka ndani yake. Mwendo wa sauti hutegemea gesi inayopita. Katikati mwa Jua hidrojeni ilianza ikiwa asilimia 70 hivi ya uzito, sasa ni kama asilimia 35, iliyobaki ni karibu yote heliamu, na kadiri heliamu inavyozidi ndivyo sauti inavyobadili mwendo. Hesabu za mawimbi hayo zinatoa umri wa miaka bilioni 4.6 hivi. Mawe na sauti hazikuambiana, lakini zimefika mahali pamoja.

Kama halisinyai, basi Jua limekuwa na ukubwa uleule tangu mwanzo? — Fundi mitambo, Shimanzi

Hapana, linakua. Lilipotulia na kuanza kuunguza hidrojeni, nusukipenyo chake kilikuwa karibu asilimia 88 ya cha leo, na mwanga wake asilimia 70 hivi. Ukigawanya ongezeko hilo kwa miaka yote unapata karibu sentimita 2 kwa mwaka. Hakuna chombo cha kuona hilo katika maisha ya mtu.

Chanzo ni huko kati. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za hidrojeni hugeuka heliamu, na tani milioni 4 kati yake hutoka kama nishati. Viini vinne vya hidrojeni vikiwa kiini kimoja cha heliamu, idadi ya chembe hupungua na msukumo wake hupungua, hivyo kiini cha Jua hubanwa na uzito ulio juu yake, joto hupanda, moto huwaka zaidi, na tabaka za nje husukumwa nje. Baada ya miaka bilioni 5 hivi hidrojeni ya kati itakwisha. Hapo Jua litavimba kwelikweli, hadi zaidi ya mara 200 ya upana wa leo, litawameza Utaridi na Zuhura, na huenda Dunia pia. Mwishowe litabaki kiini kilichopoa kidogokidogo chenye ukubwa wa Dunia hii. Lakini bahari zitakuwa zimekauka mapema zaidi, maana mwanga huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila miaka bilioni moja.

Nafundisha sayansi. Nataka wanafunzi wapime wenyewe kama Jua linabadilika ukubwa. Hatuna darubini. — Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, lipo badiliko moja ambalo darasa lako litaliona kwa rula. Dunia hulizunguka Jua kwa njia isiyo duara kamili. Kati ya tarehe 2 na 5 Januari tunakuwa kilomita milioni 147.1 kutoka kwake. Kati ya tarehe 3 na 6 Julai, kilomita milioni 152.1. Upana unaoonekana hushuka kutoka sekunde za tao 1,952 hadi 1,888, tofauti ya asilimia 3.4. Jua halijaguswa, umbali ndio uliobadilika.

Tafuta kioo kidogo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 5, ukisimamishe kwenye kopo la mchanga nje ya darasa, na uelekeze mwali ndani ya chumba chenye giza kwenye karatasi nyeupe iliyo umbali wa mita 15 kamili. Utapata picha ya duara ya Jua. Tundu likiwa la mraba si neno: karibu na kioo doa litakuwa la mraba, kwa mita 15 litakuwa duara, na hilo peke yake ni somo zuri. Picha inapaswa kuwa na milimita 142.0 mwanzoni mwa Januari, 139.6 mwanzoni mwa Aprili na Oktoba, na 137.3 mwanzoni mwa Julai. Si lazima uvizie siku yenyewe. Wiki mbili kabla au baada ya Januari 4 hubadilisha chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo unaweza kungoja shule ifunguliwe.

Mambo yanayoharibu kazi ni haya. Karatasi isipokabili mwali sawasawa, duara huwa yai; pima kipenyo kirefu na kifupi, kisha geuza ubao wa karatasi hadi viwe sawa. Utepe wa fundi cherehani huvutika, tumia wa chuma: kukosea sentimita 10 katika umbali huleta kosa la karibu milimita 1, kukosea 2 huleta sehemu mbili za kumi tu. Ukingo wa picha una ukungu wenye upana wa tundu lenyewe, kwa hiyo amua mapema mtapima katikati ya ukungu, na mwaka mzima msibadilishe tundu wala kanuni.

Kubwa kuliko yote, picha inatembea. Jua husogea upana wake wote katika dakika mbili na ushei, hivyo picha ya milimita 140 husogea zaidi ya milimita 1 kila sekunde. Mwanafunzi akiweka alama ukingo wa kushoto, kisha baada ya sekunde mbili ukingo wa kulia, ameshakosea milimita 2, karibu nusu ya tofauti nzima ya Januari na Julai. Weka wanafunzi wawili wenye penseli, wa tatu aite, wote wagonge pamoja. Au bandika rula kwenye karatasi upige picha kwa simu. Rudia mara kumi, chukua wastani, na uandike vipimo vyote kumi, hata vile vinavyokukera. Wakimaliza, wasomee swali la kwanza la ukurasa huu. Wataelewa kilichotokea Greenwich kuliko tunavyoweza kukieleza sisi.

Fanyeni Jua likiwa limeshapanda, saa tatu asubuhi hivi. Januari ya kaskazi anga huwa wazi. Julai ya kusi mawingu hupita, kwa hiyo tenga wiki nzima badala ya siku moja. Na kioo kisielekezwe usoni mwa mtoto hata kwa mzaha.

Watakuuliza pia mbona Januari tunapata mwanga zaidi wa Jua kwa karibu asilimia 7 kuliko Julai, na joto letu halifuati hesabu hiyo moja kwa moja. Jibu ni upepo na kimo cha Jua. Mombasa Jua hutupita utosini karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Siku hizo kijiti kilichosimama wima hakina kivuli, saa sita na dakika 31 mchana ile ya Machi, saa sita na dakika 10 ile ya Oktoba.

Likichomoza baharini Jua huwa kubwa sana kuliko la mchana. Kwa nini? — Mvuvi, Mkomani

Si kubwa, bwana. Ni macho yanavyolilinganisha na upeo wa bahari. Kwa kipimo ni dogo zaidi: hewa nzito ya chini hupinda mwanga na kulibonyeza Jua, ukingo wa chini ukiinuliwa zaidi ya wa juu, hata wima wake hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Upana wa mlalo haubadiliki. Piga picha mbili kwa kamera ileile bila kubadili ukuzaji, ya pili ukiweka kichujio cha Jua, uzipime kwa rula.

Mwaka 2010 Nairobi waliona pete ya Jua. Nasikia 2027 litafunikwa lote. Tofauti inatoka wapi, na sisi Mombasa tutaona nini? — Msomaji, Mji wa Kale

Inatoka kwenye umbali uleule tuliomweleza mwalimu. Tarehe 15 Januari 2010 tulikuwa karibu na Jua, kwa hiyo lilionekana pana, nao Mwezi ulikuwa mbali na Dunia. Mwezi ulifunika asilimia 92 tu ya kipenyo, na wa Nairobi wakaona pete. Tarehe 2 Agosti 2027 mambo yamegeuka: Jua liko mbali, Mwezi uko karibu na ni mpana kwa karibu asilimia 8 kuliko Jua. Giza litafika dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor, Misri, kisha kivuli kitavuka Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia. Mombasa tutaona kupatwa kwa sehemu, mchana wa Jumatatu.

Kwa kutazama kupatwa usitumie karai la maji. Maji huakisi karibu asilimia 2 ya mwanga Jua likiwa juu, na jicho linahitaji kichujio kinachopitisha sehemu moja katika laki moja. Karai linakuzidishia mara elfu mbili. Picha za eksirei na sidii ziache. Kioo cha mafundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14 tu, na vingi vilivyoko karakana ni namba 10 au 11. Miwani ya kupatwa iwe na alama ya ISO 12312-2 na isiwe na mkwaruzo. Ukiivaa ndani ya nyumba hupaswi kuona kitu.

Kioo chenye tundu cha mwalimu wa Kisauni kitafanya kazi nzuri siku hiyo, darasa zima litaona pamoja bila kulitazama Jua. Hakitafaa kwa jambo moja: Utaridi itakapopita mbele ya Jua, Jumamosi tarehe 13 Novemba 2032, tangu saa tatu na dakika 40 hivi asubuhi hadi saa nane mchana, na hapa Mombasa tutaliona pito zima. Kwenye picha ya milimita 140 sayari hiyo ni kidoa cha milimita 0.7, na ukungu wa tundu la milimita 5 utakifuta. Siku hiyo itahitajika darubini, picha yake itupwe kwenye karatasi nyeupe, na mtu mzima asimame kando muda wote kuhakikisha hakuna anayeweka jicho kwenye lenzi.